Wakili Aliyevuliwa Kilemba

Zamani za misafara ya pembe, bunduki zikiwa bado za kushindiliwa baruti mdomoni, Mwinyikombo wa Saadani alikuwa wakili wa tajiri Nasoro bin Khamdani. Akisema yeye, kasema Nasoro. Tajiri akamtanguliza bara kwa Mtemi Kalunde, mwanamke mwenye kuvaa ngozi ya chui, aliyeishika njia yote ya Usenga.

Mwinyikombo na Kalunde wakachanjana vifuani, wakala ini la mbuzi lililopakwa damu zao. Mwinyikombo akaapa, "Damu hii naila kwa niaba ya Nasoro." Desturi ya Usenga ilikuwa hivi: chanjo moja, ndugu mmoja, na ndugu wa damu hauawi hata akikosa. Mwinyikombo akabaki bomani awe rehani, msafara upite salama.

Nasoro alipofika akaziona pembe za Kalunde zilivyorundikwa bomani, tamaa ikamshika. Kiapo tu ndicho kilichomkaba. Akasimamisha mpiga mbiu mbele ya lango.

"Sikilizeni! Mwinyikombo si wakili tena! Alichoapa kaapa mwenyewe!"

Mwinyikombo akapanda juu ya boma, kilemba cha uwakili kichwani. "Wekeni silaha! Nilipoapa nilikuwa na idhini. Kunivua leo hakufuti la jana! Damu ni ya Nasoro!"

Askari mmoja wa Nasoro, aliyezoea kula naye sahani moja, akacheka. "Kivue hicho kilemba, Mwinyi, si chako tena. Ngoja nikusaidie."

Risasi ikakipeperusha.

Wakapigana. Nyumba ziliungua na watoto ndani. Wanawake wa boma wakawamwagia wapandao ukuta uji wa moto, ngozi zikawabanduka usoni. Kisha mvua ikanyesha, baruti ikalowa, mikuki ikafanya kazi iliyobaki. Nasoro alitolewa kwenye handaki la miiba, jicho moja limeshatoka.

Kalunde akawaweka wawili hao mbele yake. "Ndugu yangu ni mmoja. Mwingine ni adui, na adui nitamchoma mkuki."

"Ndugu ni mimi!" Nasoro akalia. "Alisema mwenyewe juu ya boma, la jana halifutiki! Mwinyikombo, mwanangu, mwambie sheria!"

Kalunde akamgeukia. "Haya, Mwinyi. Sheria yenu yasemaje?"

Mwinyikombo aliijua. Aliijua vizuri, tangu chuoni. Akautazama mkuki, akaitazama damu iliyokuwa ikimchuruzika tajiri wake shavuni.

"Mtemi, mbiu ilipigwa, na wote mlisikia. Mimi si wakili wa mtu huyu. Siwezi kumsemea."

"Mwinyikombo!"

"Nami sina neno jingine."

Nasoro akaburutwa hadi langoni. Alikuwa bado anapumua Mwinyikombo alipoinama kumvua viatu, maana vyake mwenyewe viliungua vitani.

Pwani hakurudi tena, nani angemtuma? Alizeekea Usenga, akipewa nyama ya kwanza kila karamu. Na wazee wa huko, wakihadithia vita vile, humsifu kuwa mtu mkweli, kwa kuwa siku ile hakusema uongo hata mmoja.