Jiwe la Manjano Mtungini

Kila asubuhi kabla ya shule, Sabiha aliteka maji kisimani, akayachuja kwa kitambaa na kujaza mtungi wa uani. Mama yake, Bi Mwanamkasi, aliufukiza mtungi ule kwa udi, na hapo kijijini Mwera majirani walisema hakuna maji matamu kama yake. Lakini sasa ilikuwa siku ya nne Sabiha hajayaonja hata tone. Yote alimwachia mdogo wake.

Hatibu alikuwa na miaka mitatu, na homa ilikuwa imemshika wiki nzima. Shekhe alimfanyia kombe: aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, mtoto akanywa. Homa haikushuka. Ndipo Sabiha alipomkumbuka mzungu wa mawe.

Mzungu huyo alikuwa amepiga hema nyuma ya minazi. Kutwa alizunguka akitafuta madini, na sanduku linalolia tik, tik, tik. Siku moja, mbele ya jiwe la manjano, sanduku lililia kama mvua juu ya bati, na mzungu mzima akacheza ngoma peke yake. Sabiha akawaza: jiwe la rangi ya zafarani, linalomchezesha mtu mzima vile, litakosaje baraka? Jioni aliliiba, akalitumbukiza mtungini.

Siku ya tano alimkuta Ernesti, msaidizi wa mzungu, akipekua majani njiani.

"Shikamoo, Bwana Ernesti. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Jiwe la manjano. Ukiliona usiliguse, binti."

"Kwani linauma?"

"Linatoa miale isiyoonekana. Ukilipita tu, si neno. Lakini unga wake ukiingia kwenye maji ukanywewa, unakaa mwilini na kuudhuru taratibu, na mtu hajui."

Sabiha hakungoja zaidi. Alikimbia hata kiatu kikamvuka, akaingia uani. Mama alikuwa amempakata Hatibu, na kata ya maji iko karibu na mdomo wa mtoto.

"Mama, usimpe! Mtungini mna mjusi!"

"Mjusi?" Mama alicheka kwa uchovu. "Tangu lini mjusi akamkosesha maji mtu wa Mwera? Yuko wapi, tumtoe."

"Kazama... yuko chini kabisa."

"Basi tutachuja. Mwache mwenzio anywe, huoni midomo ilivyomkauka?"

Sabiha aliipiga kata, maji yakamwagika. Mama akainua mkono amzabe kofi. Wakati huohuo akaingia jirani yao Mwamvua, mja mzito, na kopo lake mkononi.

"Hodi, jamani! Nimefuata maji yenu. Tangu juzi tumbo hili halitaki mengine."

Sabiha akamtazama Hatibu, akatazama tumbo la Mwamvua. Akapiga magoti mchangani.

"Si mjusi, mama. Ni jiwe la mzungu. Nimeliiba nikalitia mimi, nikidhani ni dawa. Kumbe ni sumu!"

Kopo likamponyoka Mwamvua. Mama hakupiga. Alishusha mkono, akautazama kama si wake.

"Nimemnywesha mwenyewe," akasema polepole. "Siku nne. Kwa mkono huu."

Sabiha alikwenda mbio kumwita Ernesti, naye akaja na mzungu wake na lile sanduku. Sanduku lilipofika karibu na mtungi likalia kwa fujo, na Mwamvua akaanza kusoma dua kwa sauti. Mtungi, maji na jiwe vyote vilifukiwa mbali na kisima. Bi Mwanamkasi akamgeukia mzungu: "Na wewe! Kitu kama hiki unakiacha nje kama nazi?" Mzungu akainamisha kichwa, akawasha gari, akawapeleka wote hospitali ya Tanga.

Daktari alimkuta Hatibu na malaria, akamchoma sindano. Kuhusu maji alisema, "Mmewahi. Siku chache si miezi. Lakini nyote mtarudi kupimwa."

Homa iliisha siku ya tatu. Walirudi kupimwa mara mbili, na daktari hakuona madhara. Mwamvua alijifungua salama mtoto wa kike mwenye kelele nyingi.

Siku waliponunua mtungi mpya, mama alimketisha Sabiha kando yake.

"Umeiba kwa kumpenda nduguyo, ukampa mgonjwa kitu usichokijua. Hilo ni kosa, na nimekusamehe. Lakini yule mjusi wako, mwanangu! Ungemng'ang'ania, ningechuja yale maji nikampa Hatibu, nikamjazia na Mwamvua kopo lake. Ukikosea, sema kweli mapema, kata haijafika mdomoni mwa mtu."