Pale Bibi Enesi Aliponyamaza

Jioni ile nilipanda kilima cha Itumba nikiwa na kinasa sauti, betri nne mpya na kilo mbili za sukari ya kumpelekea Bibi Enesi. Kazi ya kawaida tu. Mimi ni Osea, mwenye lebo ndogo ya muziki pale Tunduma ambayo wenzangu huicheka. Wao wanarekodi kwaya na nyimbo za harusi. Mimi narekodi breki za malori kwenye foleni ya mpakani na mashine za kukoboa kahawa za kijijini Ruanda, nachanganya na ngoma, mpaka mke wangu Recho anauliza kama redio imeharibika.

Lebo inaitwa Tumpale, jina la binti yetu wa miaka saba. Katika kila wimbo wangu nimeweka sauti yake mahali fulani akisema, "Tumpale Rekodi!" halafu anacheka. Hiyo ndiyo saini yangu. Bila hiyo, wimbo naona si wangu.

Bibi Enesi alikuwa wa mwisho kujua kilio cha zamani cha Kindali, wimbo wa msiba wa watu wa huko. Kanisani hawakitaki.

"Kilio hiki huimbwa maiti ikiwa ndani," alininong'oneza. "Kinamfungulia marehemu njia. Lakini na mimi nakwenda, sina wa kumwachia. Basi nasa, mjukuu wangu. Ila sikiliza."

"Nasikiliza, bibi."

"Katikati nitanyamaza. Hapo ni pa jina la marehemu. Leo hakuna marehemu. Paache wazi, usiweke kitu."

"Sawa, bibi."

Akaanza chini sana, kama anaongea na ardhi. Mbwa wa jirani wakaacha kubweka. Ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi, na hapakuwa na mtu anayelima. Kisha akanyamaza.

Sekunde nne.

Ndani ya zile sekunde nne nilisikia kwenye spika za masikioni kitu kikisogea… kikivuta pumzi… kikisubiri.

Bibi Enesi alifumba macho, akaendelea.

Nilirudi Tunduma nikachanganya wimbo. Sasa prodyuza akiona sekunde nne tupu, mkono unamwasha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilidhani methali hiyo ni ya watoto wa shule. Pale pa kunyamaza nikaweka saini yangu.

"Tumpale Rekodi!" Na kicheko.

Nikaurusha mtandaoni. Miaka mitatu hakuna aliyenisikiliza, lakini huu ulikimbia wenyewe. Bodaboda waliupiga, madereva wa malori wakauvusha hadi Nakonde, upande wa Zambia. Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi siku mbili nzima.

Siku ya tatu Tumpale aliamka hana sauti. Midomo inacheza, hakitoki kitu. Tukampeleka kwa daktari, akasema koo ni zima kabisa. Siku ya tano akaacha kula, na chumba chake kikaanza kunuka udongo mbichi.

Nilirudi Itumba mbio. Bibi Enesi alikuwa amekaa mlangoni. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Umemweka nani?"

"Mwanangu, bibi."

Alijifunika uso kwa kanga.

"Nitaufuta," nikasema. "Leo hii hii nitaufuta."

"Kwako utafuta. Na walio nao je? Kila anayeupiga anamfungulia njia."

"Basi mwimbie arudi!"

"Mjukuu wangu… wimbo wa kurudisha hatujawahi kuwa nao."

Niliufuta. Nikawaomba watu, kwa machozi, nao waufute. Wakasema natafuta kiki, wakausambaza zaidi. Tangu hapo nimeichukia kazi yangu, na ninajichukia mimi mwenyewe zaidi.

Jana, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimekaa kitandani kwa Tumpale nimemshika mkono. Recho alikuwa jikoni anakoroga uji. Foleni ya malori ilikuwa imefika mpaka dirishani kwetu, na dereva mmoja akaupiga ule wimbo. Nilitaka kutoka nikamzuie, lakini Tumpale alinibana vidole kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Kilio kikashuka. Kikanyamaza. Nikasubiri saini yangu na kile kicheko.

Hakikuja.

Ilikuja sauti ya mwanangu, ndogo, kutoka kwenye lile lori. Maneno hayo sikuwahi kuyarekodi.

"Baba… nimefika. Mbona huku hakuna mtu?"

Vidole vyake vikalegea.

Jikoni mwiko ulianguka. Nikamsikia Recho anakuja mbio, analia na kucheka pamoja.

"Baba Tumpale! Amesema! Mtoto amesema!"

Nilikuwa bado nimeushika ule mkono. Nilimtazama mke wangu akiingia, nikamsogezea auguse mwenyewe.