Bibi ya Wakoli

Soko la Kibuye siku ya Jumapili halina adabu. Mtu husukumwa, hukanyagwa miguu, na wiki ijayo anarudi tena kwa hiari yake. Hapo ndipo Ouma aliposhika pazia la kijani, akavuta, pazia likakataa kuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na msichana wa gauni la njano, nywele amesuka mistari, jasho linamng'aa puani.

"Wachilia, bwana. Mimi ndio nimeshika kwanza."

"Nitawachilia, lakini niambie linaenda dirisha gani."

"Hata dirisha sina bado. Natafuta nyumba."

Ouma akacheka mpaka muuzaji akamkodolea macho. "Basi umefika. Kazi yangu ni kutafutia watu nyumba."

Hakudanganya. Mwaka huo wa 1991 alikuwa karani katika ofisi ndogo ya wakala wa nyumba mjini, na mashati yake yalipigwa pasi kweli kweli. Msichana huyo, Nekoye, alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa Bungoma, amepanga chumba kimoja mtaa wa Manyatta. Mvua zilipoanza, tayari walikuwa wakila samaki pamoja kando ya ziwa, Ouma akimwita "jaber", mrembo, na Nekoye akimwita "karani wangu" kwa sauti ambayo makarani wengine hawaitwi.

Nyumba ikapatikana Migosi, bomba ndani, choo ndani. Nekoye aliitaka kwa moyo wote. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu na ilibidi aje kukaa naye, na kule Manyatta choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa matope. Mkubwa wa Ouma alidai kitu kimoja tu: barua ya mwenye nyumba wa sasa, kabla ofisi haijafungwa Ijumaa. Isipokuja, nyumba apewe mwingine.

Mwenye nyumba, Mzee Obiero, alikuwa na duka na mashine ya kusaga unga. Nekoye alipoomba barua, aliambiwa kesho. Alipoomba tena, aliulizwa, "Nyumba yangu iko na makosa gani?" Aliporudi mara nyingine, mzee akawasha mashine ili asimsikie.

Basi Ouma, kwa mapenzi yake, akaamua kusaidia bila kumwambia. Alhamisi akampigia mzee simu dukani kuomba barua ya Nekoye.

"Barua ya nani?" Obiero alinguruma. "Ya bibi ya Wakoli? Sitoi! Bibi ya mtu hahami bila bwana yake. Nilisaidia mmoja kuhama, bwana akanijia hapa na panga. Mwambie alete Wakoli!"

Ouma akaweka simu chini polepole. Jioni ikalia, Nekoye akiwa kwenye kibanda cha simu.

"Karani wangu, mbona kimya leo? Umekula?"

"Muulize Wakoli kama nimekula."

"Nani amekuambia habari ya Wakoli?"

"Kwa hivyo yuko."

"Ouma, ngoja nikueleze—"

Ouma akakata simu. Mimi namlaumu. Mtu anayekupenda akisema ngoja, unangoja.

Kesho yake mchana Nekoye aliingia ofisini, sketi ya bluu imerukiwa na matope, macho mekundu, akasimama mbele ya meza ya Ouma bila kujali watu.

"Wakoli ni mtoto wa mjomba wangu. Alinibebea kitanda siku nilipohamia. Mzee akauliza, huyu ndiye bwana yako? Nikasema ndiyo. Kila mahali nilikuwa nimefukuzwa kwa sababu niko peke yangu. Wewe ungesema nini?"

Ouma aliona haya mpaka masikioni. "Ningesema ndiyo. Nisamehe, jaber. Ni wivu tu."

"Nimelia usiku mzima, wewe."

"Hata mimi."

"Uongo."

"Nililia kidogo."

Nekoye akacheka huku machozi yanamtoka. Wakatoka mbio kwenda Manyatta.

Mzee Obiero, mweupe kwa unga toka kofia hadi viatu, alimkagua Ouma. "Wewe ndio Wakoli? Umenenepa."

Neno moja tu, na barua ingeandikwa. Nekoye akamkanyaga mguu ili akubali. Lakini Ouma alikuwa amechoka na huyo Wakoli.

"Hapana, Mzee. Wakoli ni ndugu yake. Nekoye hana bwana. Alisema anaye ndio umpe chumba."

Mzee akazima mashine. Akina mama waliokuja kusaga wakageuka wote.

"Miaka yote hii nasalimia bibi ya Wakoli, kumbe nasalimia hewa?"

"Nisamehe, Mzee," Nekoye akasema. "Ningesema ukweli, ungenipa?"

Mzee akakuna kidevu. "Singekupa," akakiri. "Leta karatasi."

Akaandika kwa kalamu isiyo na haraka: mpangaji mtulivu, msafi, hagombani na mtu. Halafu kalamu ikasimama.

"Hapa niweke nini? Ameolewa ama hajaolewa?"

"Hajaolewa," Ouma akajibu. "Lakini mimi nataka kumuoa, Mzee. Nilitaka kumwambia mahali pazuri, si hapa kwenye unga. Nekoye, nakupenda. Utanikubali?"

Nekoye akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mimi sirudii barua," Obiero akanung'unika, akiweka kalamu chini. "Jibu kwanza, nyathina, mwanangu, nijue naandika nini."

"Mjibu!" akina mama wakapiga kelele.

Jua lilikuwa limeshainama, na ofisi ilikuwa karibu kufungwa. Nekoye akafuta machozi, akamshika Ouma mkono.

"Andika hajaolewa, Mzee," akasema. "Lakini uandike haraka, kabla haijawa uongo."