Alama ya Pumzi

Haya yalimpata rafiki yangu Celestin, mwalimu wa kwaya kule Kamuli, mwaka 1986, na mpaka leo ukimuuliza anabadilisha mazungumzo.

Alikuwa ametunga wimbo wa Noeli wenye sauti nne, ngoma na filimbi moja. Karatasi ya filimbi alimpelekea mzee Mbonimpa, mfugaji wa Bugomora aliyefundishwa na mapadre kusoma muziki wa solfa, yaani do-re-mi. Kesho yake akashtuka: alikuwa amempangia mzee wa watu mapigo arobaini mfululizo bila alama ya pumzi hata moja! Akachukua penseli, akapanda baiskeli.

Alimkuta mzee na mkewe, Kantengwa, wamejikunyata migombani, mvua ikiwanyeshea, na nyumba yao iko hatua chache tu.

"Shikamoo, mzee. Mbona mnalowa?"

Mbonimpa akamwashiria anyamaze. Mkononi alishika filimbi yake na ile karatasi.

"Mwalimu," Kantengwa alinong'ona, "hebu sikiliza."

Ndani ya nyumba, gizani, filimbi nyingine ilikuwa ikilia. Ulikuwa ule wimbo wa Noeli. Celestin akahesabu mapigo arobaini, kisha ikaanza upya, bila kukata, bila kupumua.

"Tangu asubuhi," mzee akasema, akimsogezea karatasi. "Sahihisha, mwalimu. Labda itanyamaza."

Celestin akatoa penseli, akaweka alama baada ya pigo la nane.

Ndani, filimbi ikafika pigo la nane, ikakata. Kisha wote watatu wakasikia kitu kikivuta pumzi, taratibu, kwa muda mrefu, mpaka pazia la mlangoni likavutika kuelekea ndani.