Pampu ya Dizeli Ipo Wapi?

Gaudens na mkewe, Candida, wana lori kuukuu la dizeli. Husafirisha magunia ya mchele kutoka Kariakoo.

Asubuhi moja dizeli iliisha, lori likazimika karibu na Mchikichini. Gaudens alijaza dizeli, lakini lori halikuwaka.

"Limevuta hewa, dizeli haifiki kwenye injini," alisema. Akachomoa mpira wa dizeli, akautia mdomoni.

"Baba Nice, acha!" Candida alisema.

"Mbona siku zote tunafanya hivi?"

Akavuta. Dizeli ikampalia. Alikohoa mpaka akapiga magoti, pumzi hazipatikani.

Candida alikimbilia maziwa. Arvind, mwenye duka la spea la jirani, akamzuia.

"Usimpe kitu, Mama Nice! Akitapika, dizeli itazidi kuingia kwenye mapafu. Twende hospitali sasa hivi."

Gaudens alilazwa. Alipumua kwa oksijeni. Candida alikaa kando ya kitanda, akisali kimyakimya.

Mungu alimsaidia, akarudi nyumbani amekonda. Siku alipoweza kutembea, yeye na mkewe walimwendea Arvind.

"Baba Janki, nionyeshe njia nyingine," Gaudens alisema. "Ile sirudii."

Lori lilikuwa bado pale pale lilipozimikia, injini imezimwa, imepoa. Arvind akafungua boneti.

"Fuata bomba linalotoka kwenye tangi. Unaona vijibomba vyembamba vya chuma vinavyokwenda kwenye nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini? Vinatoka kwenye pampu kubwa. Hiyo usiiguse, mwachie fundi. Sasa tazama ubavuni mwake."

"Hiki kidude chenye kitufe?" Candida aliuliza.

"Hicho hicho. Ni pampu ndogo, ndiyo inayovuta dizeli. Kwenye malori mengine hukaa ubavuni mwa injini, au juu ya filta, lile chujio la dizeli."

"Kumbe ipo hapa miaka yote!" Gaudens alisema, akainamisha kichwa.

Arvind alilegeza kidogo skrubu ya juu ya filta. Candida akabonyeza kitufe tena na tena. Likatoka povu kwenye skrubu.

"Hiyo ndiyo hewa. Endelea."

Povu likaisha, ikaja dizeli tupu. Arvind akakaza skrubu. Gaudens akawasha, injini ikanguruma.

Kifua chake hakijapona sawasawa. Akipanda ngazi, hupumzika njiani. Lakini lori linafanya kazi.

Juzi lori la Eliakimu, dereva mwenzao, lilivuta hewa. Akauliza nani ana mpira wa kuvutia dizeli kwa mdomo.

"Mpira wa nini?" Candida alimjibu. "Fungua boneti, kaka. Njoo nikuonyeshe pampu."