Boliti Iliyogoma

Hassane aliendesha pikapu ya abiria mjini Mahajanga. Aliishi mtaa wa Tanambao na mkewe, Laïla. Ilikuwa mwaka 1981. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hiyo gari lilipoharibika alilitengeneza mwenyewe.

Mwezi wa Februari shokabsoba ya nyuma, ile ya kupunguza mitikisiko, ilikufa. Alipata nyingine, lakini boliti ya ile ya zamani haikufunguka. Hewa ya bahari ilikuwa imeijaza kutu. Hassane alitumia spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo. Ikateleza, ikala pembe mbili za kichwa cha boliti. Akachukua patasi na nyundo.

"Kwa nini usimwite fundi Chaehoi?" Laïla aliuliza. Mzee Chaehoi alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya bandarini. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwao.

"Aje anifundishe nini? Nimeshika spana miaka kumi."

Akapiga. Pigo la tatu, kipande cha chuma kiliruka kikamwingia jicho la kulia. Hospitalini walijaribu kuliokoa. Hawakuweza. Wakalitoa.

Aliporudi nyumbani, gari lilikuwa bado juu ya magogo, na boliti ilikuwa pale pale. Laïla hakumwomba ruhusa. Alikwenda kumwita Chaehoi.

Mzee huyo aliiokota patasi mchangani.

"Tazama kichwa chake," alisema. "Kimepondeka, kimechanua kwa kupigwa. Kipande kilitoka hapa. Kingo kama hizi husagwa kwanza, au patasi hutupwa. Na miwani ya kazi huvaliwa kila mara."

Hassane aliinamisha kichwa. "Ungeniambia."

"Ungeniita, mwanangu."

Chaehoi alihakikisha gari limekaa imara na matairi ya mbele yamezuiwa. Akampa Laïla miwani na brashi ya waya. Laïla akasugua kutu mpaka nyuzi za boliti zikaonekana. Kisha wakatia mafuta ya kulegeza kutu.

"Sasa tunaiacha," alisema mzee. "Tia tena jioni, na kesho asubuhi na jioni. Yape mafuta muda wa kupenya."

"Tukiichoma moto?" Laïla aliuliza.

"Hapa hapana. Kuna mpira, kuna mafuta tuliyotia, na tangi la petroli liko karibu."

Siku ya tatu Chaehoi alirudi na spana boksi ya pembe sita. Ilikamata vizuri pembe zilizobaki.

"Usianze kwa kulegeza. Kaza kidogo kwanza, kutu ikatike. Kisha legeza. Ikigoma, rudisha, ongeza mafuta. Usiilazimishe, itakatika."

Laïla alikaza, akalegeza, akarudisha. Jasho lilimtoka. Boliti ikalia, ikazunguka nusu. Baadaye ikatoka nzima. Walifunga shokabsoba nyingine kwa boliti mpya iliyopakwa grisi, ili siku nyingine isigande.

Wiki ile gari lilirudi barabarani. Aliliendesha Soilihi, mdogo wake Hassane, maana Hassane hakuwa tena na uhakika wa kuona vizuri kwa jicho moja. Toka wakati huo hakuna aliyelitengeneza gari lile bila miwani ya kazi usoni.

Lakini jioni ile boliti ilipotoka, Hassane aliishika muda mrefu kiganjani.

"Siku mbili," alimwambia mkewe. "Ilikuwa inataka siku mbili tu."

Laïla alichukua kitambaa akaanza kufuta spana.