Skrubu ya Fotis

Jumamosi asubuhi duka la vipuri alilofanyia kazi Evanthia, pale Thessaloniki karibu na stesheni ya treni, lilikuwa halipitiki. Mafundi walijazana kaunta na mikono yao ya grisi na vikombe vyao vya kahawa baridi, kila mmoja akijiona ndiye mwenye haraka kuliko wenzake. Evanthia alivaa jinzi na fulana nyeusi, nywele kazibana juu kwa kalamu, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba hata wazee walijipanga foleni bila kuambiwa.

Siku hiyo aliingia kijana mmoja mrefu, koti lake la ngozi limechubuka viwikoni, akaomba mpira wa valvu ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Gari lake ni Starlet ya zamani. Valvu yenyewe ni ile ya mkono, kipande cha shaba chenye skrubu moja: ukiikaza, turbo inasukuma zaidi, ukiilegeza, inapoa.

"Kaka, bado unatumia hiyo?" Evanthia alimuuliza. "Siku hizi watu wanafunga ya umeme."

"Naomba mpira tu, dada. Ushauri nitakuja kuununua siku nyingine."

Mafundi wakacheka. Evanthia hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Akamweleza mbele ya watu wote kwamba skrubu ya mkono ukiiseti wakati wa joto, ikifika baridi hewa inakuwa nzito, presha inapanda kupita kiasi na pistoni zinayeyuka. Ya umeme inajipima yenyewe na kujishusha ikiona hatari.

"Yako wewe haijui hata kama ni Januari," alimalizia.

"Haijui. Lakini mimi najua," kijana alijibu, akimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Jina lake Argyris. Jumamosi iliyofuata alirudi akasimama foleni nzima, na alipofika kaunta hakununua kitu. Alikuja kununua ushauri, alisema. Jioni yake walikula samaki wa kukaanga, na kabla kiangazi hakijaisha walikuwa wamezama hasa penzini. Kila mchana Argyris alimpigia Evanthia simu dukani kumuuliza hali ya hewa ikoje, naye alimjibu kwamba ni mbaya na aendeshe kama babu. Mwenye duka alichoka na simu hizo, lakini akazizoea.

Kitu kimoja tu Argyris hakukisema vizuri. Alimwambia kwamba gari lilikuwa la Fotis, kaka yake, na kwamba Fotis alikufa kwa saratani ya damu. Basi. Kila Evanthia alipojaribu kuuliza zaidi, mwenzake aligeuza mazungumzo, naye akaona heri amwache. Hilo lilikuwa kosa lake, maana moyoni alikuwa ameshaanza kuliogopa gari lile. Halikuwa hata na geji ya presha. Fotis aliing'oa akisema geji ni za waoga, na Argyris hakuirudisha. Ukungu wa vuli ulipoanza kushuka, Evanthia hakuwa akilala vizuri.

Ndipo alipoamua. Tarehe mosi Novemba ni siku ya jina la Argyris, sikukuu ya watakatifu aliopewa jina lao, na mtu hakosi kumpa mwenzake zawadi siku ya jina lake. Gari lilikuwa gereji kwa Mzee Stathis, fundi wake tangu enzi za Fotis, likibadilishwa oili, Argyris yuko kanisani na mama yake, Mzee mwenyewe katoka kwenda kuwapongeza wenye sikukuu. Evanthia alikuja na kidhibiti kipya cha umeme ndani ya boksi lenye utepe. Aliifungua valvu ya zamani, akaifungua na skrubu yake yote, akahesabu mizunguko kama fundi yeyote anavyofanya, kisha akaisugua kwa petroli mpaka shaba ikang'aa. Alitaka kumwekea kama kumbukumbu. Aliposugua, rangi ya kuziba skrubu ilibanduka: nyekundu juu, na chini yake njano iliyopasuka zamani. Mafundi hutonesha rangi hapo ili skrubu isisogee, na ili ajulikane aliyeigusa. Hakulitilia maanani.

Argyris aliingia na boksi la keki mkononi. Hakupaza sauti.

"Umeifungua skrubu."

"Nimeisafisha, mpenzi. Mizunguko nimehesabu, ukitaka naweza kurudisha palepale. Lakini tazama nilichokuletea."

Argyris alikaa juu ya tairi. Kisha alisema yote aliyoyaficha. Kwamba Fotis, wiki yake ya mwisho, alitoka kitandani koti likiwa juu ya nguo za kulalia kwa baridi ya homa, akainama mbele ya gari, akaikaza skrubu ile kwa mkono wake na kuitonesha rangi. Hakuna kingine alichokifanya tena hapa duniani.

"Kila nikikanyaga mafuta nilikuwa naye," alisema. "Na wewe umemwosha kwa petroli."

Aliondoka kwa miguu, keki akaiacha palepale. Simu za Evanthia hakupokea, ujumbe alisoma na hakujibu. Evanthia alikonda mpaka jinzi ikamlegea. Dukani alihudumia watu bila neno, na wale mafundi aliozoea kuwachamba wakaanza kusema naye taratibu kama mtu aliyefiwa.

Siku moja mvua ikinyesha alikwenda gereji, kwa sababu hakuwa na pengine pa kulilia. Starlet ilikuwa imefunikwa turubai. Mzee Stathis alimsikiliza mpaka mwisho, akaufunga mlango.

"Rangi ya njano ilikuwa ya Fotis," alisema. "Ile nyekundu niliipaka mimi."

Akamweleza. Fotis aliiseti siku ya jua kali, na aliiseti kama mtu asiye na kesho. Baridi ilipofika, Mzee alisikia injini inagonga. Akailegeza skrubu kwa siri na kuipaka rangi mpya juu.

"Kwa hiyo mimi sikuharibu kitu," Evanthia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipata pumzi. "Mkono wa Fotis ulishatoka zamani."

"Ulishatoka. Sasa mwambie hivyo uone. Atairudisha alipoiacha marehemu, siku hiyohiyo. Unamjua kama ninavyomjua. Injini ikipasuka kwenye kona za mlimani, nani atamwambia mama yake?"

Evanthia alirudi nyumbani na neno moja ambalo lingemrudishia mpenzi wake, na asingeweza kulisema. Mara kadhaa aliliandika kwenye simu akalifuta. Alimkasirikia Mzee Stathis, akamkasirikia na marehemu ambaye hakuwahi kumwona.

Januari Argyris alipiga.

"Kesho ni siku aliyozaliwa Fotis, tunamfanyia ibada ya kumbukumbu," alisema, bila salamu. "Nataka mama aende makaburini kwa gari la marehemu. Ulisema ulihesabu."

"Nilihesabu."

"Na ile ya umeme sitaki, Evanthia. Usije nayo."

"Sitakuja nayo."

Asubuhi Evanthia alikuja gereji na koti lake jeusi la sufu. Argyris alikuwa amenyoa vibaya, na macho yamezama. Hawakushikana mikono. Evanthia aliinama mbele ya gari, akairudisha skrubu mzunguko baada ya mzunguko, mpaka pale Mzee Stathis alipoiacha. Mzee alikuwa pembeni akifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Niapie," Argyris alisema nyuma yake. "Niapie kwamba hapo ndipo Fotis alipoiacha. Ukiniapia, nitaamini, na tutasahau yote haya."

Evanthia hakugeuka haraka. Alijua kwamba akisema ukweli ataoshwa lawama yote, na kwamba ataogopa kila simu, isije ikawa ya ajali, maisha yake yote.

"Naapa," alisema. "Ndipo hapa."

Argyris alimshika mabega, akalia kwa sauti kama mtoto, akamwomba msamaha kwa miezi ile yote, akamwita roho yake. Alisema Pasaka ikipita atakwenda kwa baba wa Evanthia kumposa rasmi.

Walipanda mlima wakiwa watatu, mama nyuma na sinia la ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu mapajani. Barabara ilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Kwenye mwinuko Argyris alikanyaga mafuta, turbo ikavuma, na gari likavuta kwa utulivu.

"Unamsikia?" alimuuliza. "Huyo ndiye Fotis. Tuahidiane, mpenzi. Tusifichane kitu tena."

"Tusifichane," Evanthia alijibu, na machozi yakamtoka.

Argyris alidhani anamlilia Fotis. Akaachia usukani mkono mmoja, akamfuta.